Kaseti za Yule wa Kola

Mume wangu hupiga mluzi anapong'arisha viatu. Mluzi wake ni mzuri, sitamnyima sifa hiyo, na wimbo wenyewe ni ule ule tangu aliponioa. Hupiga ubeti wa kwanza, hupiga wa pili, halafu pale gitaa linaposhuka ili mwimbaji aite majina, yeye hunyamaza, maana jina la mtu halipigwi mluzi. Brashi inaendelea kusugua kiatu, midomo imetulia, kisha anaudaka ubeti wa tatu pale pale unapoanzia. Kimya hicho kifupi kimenikondesha kuliko njaa.

Asiyejua mambo ya Ukambani nimweleze kidogo. Huku kwetu bendi haziimbi mapenzi na mavuno tu. Katikati ya wimbo gitaa hushushwa, na mwimbaji huwataja marafiki zake mmoja mmoja: aliyemnunulia nyaya za gitaa, aliyempa chakula safarini, aliyembebea ngoma. Ukitajwa umetajwa. Utazeeka, utaota mvi, na bado mahali fulani utakuwa unaitwa kijana. Kabla hatujajuana, mume wangu alikuwa dereva wa pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na siku moja aliwapeleka vijana wa bendi moja Nairobi kurekodi, wao nyuma na spika zao, yeye mbele kwenye usukani. Kando yake aliketi msichana wa kutoka Kola aliyekuwa mpenzi wake wakati huo. Bendi ilishukuru kwa njia yake. Ikamtaja dereva, kisha ikamtaja msichana.

Jina lake sitaliandika hapa. Limeimbwa ya kutosha.

Nililisikia mara ya kwanza Masii, siku ya soko, mwezi wa kwanza wa ndoa yetu, miaka ya tisini. Nilikuwa nimeinama na mama mkwe juu ya rundo la kunde tukichagua, na kibanda cha kaseti upande wa pili kilikuwa kimefungulia spika. Nikasikia jina la mume wangu. Niliinuka nikitabasamu, na nani asingetabasamu? Mwimbaji akasema kwa Kikamba, "Mtu wa pikapu, barabara ya Nairobi inakuulizia. Na yule wa Kola, mtoto wa fundi cherehani, mwambie kiti cha mbele kinamfaa." Jina likafuata, na baada ya jina kikaja kicheko kidogo cha mwimbaji, cha mtu aliyeona kitu akaamua kukaa nacho. Mama mkwe alikuwa akiimba pamoja naye neno kwa neno, mikono ikiwa ndani ya kunde. Aliponiona ninamtazama, akakohoa.

"Ni wimbo tu, mwanangu," akasema. "Hizi kunde ziko na wadudu. Twende pale mbele."

Nyumbani, katika chumba chetu cha kupanga, kaseti hiyo ilikuwapo. Ndiyo, tulikuwa tukilala nayo. Mume wangu aliziweka kaseti zake ndani ya katoni ya viatu, zimepangwa migongo juu, na Jumapili mchana alikuwa akisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, kwa upole ambao kichwa changu mimi hakijawahi kuupata. Hakumwazima mtu hata moja. "Wimbo wa redio ni wa kila mtu na si wa mtu," alipenda kusema. "Huu hapa ni wangu." Katika maneno hayo yote mimi nilisikia lile la mwisho tu.

Akienda kazini nilikuwa naitoa. Ili nisimalize mawe ya redio, yaani betri, niliirudisha nyuma kwa kalamu ya biki, nazungusha na kuzungusha, hadi nikajua kwa kidole mahali jina lilipo. Na kilichonitesa si jina hasa, ni kile kicheko. Nilikisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Niliona kabisa mwimbaji amekaa nyuma ya pikapu, amegeuka, anachungulia kupitia kioo cha dereva, na anaona jambo ambalo mimi sitaliona kamwe.

"Huu wimbo unaupendea nini?" nilimuuliza jioni moja tukila muthokoi.

"Gitaa."

"Gitaa tu?"

"Mama, sikiza hiyo gitaa. Hakuna mtu anapiga hivyo siku hizi."

Nikasikiza. Gitaa lilikuwa zuri kweli, na hilo nalo likaniudhi.

Yule wa Kola mwenyewe nilimwona mara moja tu, kwenye stegi ya Machakos, nilipoonyeshwa na rafiki yangu wa kwaya ambaye hakujua anamwonyesha nani kwa nani. Alikuwa amesimama anangoja gari, anasuka kiondo, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama. Angekuwa malaika ningeelewa, ningeinamisha kichwa nikaenda zangu. Lakini alikuwa mtu kama mimi. Kimo kama changu, kitambaa cha kichwa kama changu, hata kiondo alikuwa anaanzia kitako kwa namna ninayoanzia mimi. Nilisimama nyuma ya muuza ndizi nikijiuliza mwanamke huyu alifanya nini hata akaimbwa. Aliketi. Hiyo tu. Aliketi kwenye kiti cha pikapu siku iliyofaa, na mimi niliyefua ovaroli zilizoganda saruji, niliyepika, niliyekubali ndoa mbele ya wazee, hakuna aliyenishushia gitaa.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda, kisha nikapata wazo.

Nilikuwa na pesa zangu za vyondo. Kaseti ile iliuzwa Masii kwenye kibanda kile kimoja, na mwenye kibanda alikuwa mfanyabiashara wa Kisomali, mtu mpole, aliyeuza redio, mawe, saa za ukutani na kaseti. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: bendi imeshavunjika, kaseti zilizobaki ni zilizobaki, basi nikizinunua zote wimbo utakwisha. Utabaki ule mmoja ndani ya katoni, na huo nitajua la kuufanya. Siku ya soko nilinunua alizokuwa nazo. Soko lililofuata nikakuta ameleta nyingine, nikazinunua. Nilizirudisha nyumbani chini ya kunde na nikazisukuma mvunguni mwa kitanda.

Yule bwana alijua Kisomali na Kiswahili. Kikamba hakujua hata cha salamu. Hakuwa na namna ya kujua wimbo unasema nini. Alijua tu kwamba unanunuliwa.

"Mama, karibu, karibu," akaniita soko la tatu, ameangaza uso wote. "Hii wimbo iko na baraka. Mimi nilikuwa nataka kuirudisha Nairobi, nikaona wewe unabeba tu, unabeba tu. Nikasema huyu mama anauza mahali, ama watu wake wanapenda sana."

"Wanapenda," nikasema.

"Basi nimeleta katoni mzima. Na spika mpya. Sikia."

Akafungulia. Sauti ilitoka hadi kwa wauza mbuzi. Nilijipalia makaa, na nilijua ni mkono wangu ulioyachota. Kufikia mwisho wa mwezi mchinjaji alikuwa nayo, kinyozi alikuwa nayo, hoteli ya chai ilikuwa nayo, na nilipopita hapo na ndoo ya maji yule wa Kola aliitwa kutoka milango mitatu kwa zamu. Wimbo uliokuwa umeanza kusahaulika, mimi ndiye niliyeufufua.

Sasa mvunguni mwangu mlikuwa na kaseti nyingi za jina la mwenzangu kuliko duka lolote. Sikuweza kuzitupa, kwa sababu nilizinunua kwa vyondo vyangu mwenyewe, na sikuweza kuzipa mtu. Ndipo mwalimu wetu wa kwaya alipolalamika kwamba hatujifunzi nyumbani, na kwamba kama tungekuwa na kaseti tupu angerekodi wimbo wa harambee ya paa la kanisa, kila mtu aende na wake akafanye mazoezi. Nikainua mkono. Nilikuwa nimemwona mume wangu akifanya hivyo: kaseti ya dukani ina matundu mawili mgongoni, yasipozibwa hairekodi, ukiyaziba kwa selotepu inakuwa tupu kama mpya. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilidhani ukirekodi juu, vya zamani vyote vinafutika hadi mwisho, kama ubao ukipitishwa kitambaa.

Tulirekodi alasiri moja ndani ya kanisa. Niliimba soprano kwa nguvu zangu zote, na furaha niliyokuwa nayo nitaisema wazi: nilikuwa nikiimba juu ya jina lake. Kila nota ya juu niliyoifikia niliona ikimkanyaga mtu.

Siku ya harambee ikafika, kanisa limejaa, wageni wa kutoka mjini wamechelewa. Mwalimu wa kwaya akasimama akamshukuru, mbele ya wote, mama aliyetoa kaseti zote za kwaya kwa mkono wake mwenyewe, akanitaja jina, watu wakapiga makofi. Mume wangu, upande wa wanaume, akapiga makofi pia, lakini niliona ameanza kufikiri. Kisha mwalimu akasema, wageni wakiwa njiani, tusikilize kidogo tulivyorekodi. Akaweka kaseti, akasogeza maikrofoni kwenye redio.

Tulisikika vizuri. Aleluya yetu ya mwisho ikapanda, ikashuka, ikanyamaza, na mwalimu akageuka kuwaelekeza vijana wanaopanga viti. Kwenye redio ikasikika tik. Baada ya tik likaja gitaa, limeshashuka tayari, na kanisa zima likasikia barabara ya Nairobi ikimuulizia mume wangu, na yule wa Kola, mtoto wa fundi cherehani, akiambiwa kiti cha mbele kinamfaa. Jina. Kicheko.

Mwalimu alikimbia, lakini kutoka kwenye viti hadi redioni ni mbali mtu akiwa amevaa kanzu ya kwaya. Mzee mmoja aliyekaa mbele alikuwa ameshaanza kutikisa goti. Wanawake walijifunika vinywa kwa leso. Mimi sikumtazama mtu, nilitazama ile redio, nikawaza kitu kimoja tu, kwamba hata hapa, siku nimetajwa mimi kwa jina na kupigiwa makofi, amekuja na kuketi mbele.

Nyumbani mume wangu hakuniuliza chochote hadi alipoinama mwenyewe na kuchungulia mvunguni. Akavuta moja, kisha nyingine.

"Hizi zote?" akasema.

"Zingine ziko kwa kwaya."

Alianza kucheka, akaniona, akaacha. "Ungeniambia tu."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba unaumia."

"Mimi siumii."

"Sawa," akasema. "Kwamba hauumii." Akakaa kitandani. "Sikiza, mama. Huyo msichana tuliachana kabla hata hiyo kaseti haijatoka. Mimi sikumwambia yule jamaa amtaje. Na sasa siwezi kumtoa. Unataka nifanye nini?"

Nilitaka afanye jambo moja tu, anitaje mimi mahali pale pale yule wa Kola alipotajwa, katikati ya gitaa, nchi nzima isikie. Lakini hilo halisemeki na mwanamke mzima mwenye aproni. Nikamwambia aniwashie jiko.

Miaka ilikwenda. Tulijenga, watoto walizaliwa wakakua, kibanda cha kaseti cha Masii kikawa cha kuchaji simu. Redio katika nyumba nyingi zikawa hazina hata mahali pa kuweka kaseti, na nilifurahi kimoyomoyo, nikaona zamani zinakufa zenyewe bila mimi kutoa hata shilingi. Nilifurahi mapema. Katika miaka ya elfu mbili zikaingia stesheni za Kikamba, na kila moja ikawa na kipindi cha nyimbo za zamani, na kila kipindi kikawa na mtu wa kuupigia simu wimbo ule. Baadaye binti yangu alirudi kutoka mjini na simu yenye memori kadi, nyimbo amewekewa kibandani, mamia ndani ya kitu kidogo kama ukucha, akaanza kuosha vyombo, na nikamsikia mwanangu wa kumzaa akimwita yule wa Kola kwa sauti nyororo.

"Huo umeutoa wapi?"

"Kila mtu ako nao, mami. Si dadi ametajwa? Ni poa sana." Akasikiliza kidogo. "Lakini huyu wa Kola ni nani?"

Kaseti ningeweza kuinunua, kuificha, kuiziba matundu. Hiki hakikuwa na mvungu wa kukisukumia. Nililala na hasira, nikaamka nayo, na asubuhi nikachukua redio yetu ya zamani, nikachukua kaseti moja iliyobaki, nikaenda Kola. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Yule mwimbaji alikuwa amerudi kwao huko, analima na kufuga mbuzi. Nilimkuta akirekebisha boma, mzee mwembamba, kofia ya sufu juani. Nilipojitambulisha ni mke wa nani, alitupa mti aliokuwa ameushika, akanikaribisha kwenye kigoda mlangoni. Nikamwambia kilichonileta bila kuzunguka. Nilimwambia nataka jina lile litoke.

Alinitazama, akatikisa kichwa polepole.

"Wewe ni wa pili," akasema.

"Wa pili nani?"

"Yeye alikuja kwanza. Zamani sana. Alikuwa ameolewa, na shemeji zake walikuwa wanamwimbia huo wimbo kila akipita na maji. Alilia hapa. Akaniambia, mzee, nitoe, nimechoka kuitwa kwa mtu ambaye hata sikumbuki sauti yake." Akaonyesha kigoda kwa kidevu. "Alikaa hapo hapo umekaa. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki."

Mtu mwema angemhurumia. Mimi niligeuka nikakitazama kile kigoda nikaona wivu mpya kabisa, wa moto, ambao sikuujua. Hata katika kulalamika alikuwa amenitangulia. Hata machozi alikuwa ameyatoa kabla yangu, na bila shaka yalimpendeza.

"Basi niimbie wangu," nikasema.

Alicheka, akaingia ndani, akatoka na gitaa. Alichukua muda kulikaza. Niliweka redio chini, nikaziba matundu ya kaseti kwa selotepu niliyokuja nayo, nikabonyeza. Akaimba ubeti wa kwanza, sauti imechakaa, mbuzi mmoja akimjibu kutoka bomani. Akaimba wa pili. Gitaa likashuka. Akaniuliza kwa macho, nikamwambia jina langu, na aliniita. Mtu wa pikapu kwanza, kisha mimi, binti wa nani na wa wapi. Mara baada ya jina langu akacheka kile kicheko.

Kile kile. Nilikijua kuliko nilivyojua kicheko cha mume wangu. Hakikuwa cha kioo cha pikapu wala cha siri yoyote. Alikuwa akivuta pumzi kabla ya ubeti wa tatu, na kifua chake hupiga hivyo. Nilikuwa nimeteseka miaka yote hiyo kwa pumzi za mzee.

Jioni nilimwekea mume wangu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, hadi mbuzi wa mwisho. Halafu akaitoa kaseti, akachukua kalamu ya biki, akairudisha nyuma kwa mkono, akasikiliza tena.

"Gitaa imelegea," akasema. Nilipomtazama vizuri macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi.

Niling'oa selotepu, nikayaacha yale matundu wazi ili mtu yeyote asirekodi tena juu yangu. Kaseti nikaiweka ndani ya katoni yake, mgongo juu, kando ya ile nyingine. Redio ilikufa mwaka uliofuata na fundi akasema kichwa chake hakipatikani tena. Kwa hiyo wimbo wangu upo na hausikiki, na wa yule wa Kola hauna mwenyewe na uko kila mahali, na ukiniuliza mimi kama ningekubali kubadilishana, ningekubali leo hii kabla chai haijachemka.

Mume wangu bado hung'arisha viatu, na mluzi ni wa wimbo ule ule. Anapiga ubeti wa kwanza, anapiga wa pili. Anaponyamaza, brashi ikiendelea kusugua, mimi kutoka jikoni nalitaja jina langu kwa sauti. Hajawahi kugeuka wala kuuliza ninaongea na nani. Ananingoja nimalize, kisha anaanza wa tatu.